Hewa Ukaa ya Halmashauri Ipo Dampo

Waheshimiwa madiwani, wenyeviti wa mitaa, watendaji wa kata, maofisa mazingira na ndugu zetu wakandarasi wa taka: Assalamu alaykum, Bwana Yesu asifiwe, habari za asubuhi.

Swali mliloleta ni fupi: halmashauri zetu hapa Dar es Salaam zimefikia wapi katika kupunguza hewa ukaa? Likiulizwa kwenye vikao, majibu huja ya aina mbili. La kwanza ni idadi ya miti iliyopandwa siku ya mazingira, bila neno juu ya iliyomwagiliwa baadaye. La pili ni umeme, kwamba taa za barabarani zimebadilishwa na bili imeshuka. Ni mambo mazuri yote mawili, lakini yanapita pembeni ya mahali ambapo halmashauri yenyewe, kwa sheria ndogo zake na kwa mikataba yake, inashika mpini. Mpini huo ni taka zinazooza.

Tuanze na umeme ili tuumalize. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliingia kwenye gridi Februari 2024. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya umeme wetu ilitoka kwenye gesi asilia, kwa hiyo kila uniti iliyowaka ofisini ilikuwa na gesijoto, yaani gesi zinazopasha dunia joto, ndani yake. Maji ya Rufiji yakichukua nafasi ya gesi, uniti ileile inakuwa nyepesi. Maana yake ni kwamba ripoti ya halmashauri yoyote ikilinganisha mwaka 2022 na leo itaonyesha hewa ukaa ya umeme imeshuka hata kama hakuna aliyezima taa hata moja. Kazi hiyo imefanywa na taifa. Halmashauri ikijiandikia inajidanganya, na siku mvua zikikata na mitambo ya gesi ikawashwa zaidi, itajikuta inaeleza kwa nini imerudi nyuma.

Taa zenyewe hesabu yake ni hii. Ukitoa taa ya sodiamu ya wati 250 ukaweka LED ya wati 100, unaokoa wati 150. Ikiwaka saa 12 kila usiku, kwa mwaka ni uniti 657 kwa nguzo moja. Kwa mfuko wa halmashauri hiyo ni pesa ya kweli na kazi iendelee. Ila iandikwe kwenye safu ya bajeti kwanza, safu ya kaboni baadaye.

Sasa twende dampo.

Tani moja ya mabaki ya chakula na mboga, yaani kabichi, maganda ya ndizi, nyanya zilizopondeka, ina kaboni inayoweza kuoza kama kilo 150. Mwongozo wa mwaka 2006 wa IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wataalamu wa tabianchi, ambao ndio unaotumika duniani kote kwa hesabu hizi, unachukulia kwamba nusu ya kaboni hiyo huoza kweli: kilo 75. Kwenye dampo lisilosimamiwa lenye kina cha mita tano au zaidi, asilimia 80 ya uozo hutokea bila hewa: kilo 60. Katika gesi inayotoka, nusu ni methani, gesi inayotokana na uozo usio na hewa: kilo 30 za kaboni. Ukizidisha kwa 16 na kugawa kwa 12 ili upate uzito wa methani yenyewe, ni kilo 40. Methani, kwa kipindi cha miaka 100, ina nguvu ya kupasha joto mara 28 ya hewa ukaa. Kilo 40 mara 28 ni kilo 1,120.

Kwa ufupi, tani moja ya mabaki ya soko ikifukiwa dampo inakuwa sawa na tani moja na ushee ya hewa ukaa. Na kwa joto na unyevu wa pwani yetu haichelewi: mwongozo huohuo unachukua kwamba nusu ya uozo wa mabaki ya chakula inamalizika chini ya miaka miwili. Taka tunazomwaga leo zitakuwa zimeshatoa sehemu kubwa ya gesi yake kabla ya baraza hili kumaliza muda wake.

Linganisheni na lori lililobeba taka hizo. Wananchi wakilalamika juu ya uchafuzi wanalionyesha lori, kwa sababu moshi wake unaonekana. Chukueni lori la tani saba, safari ya kwenda na kurudi kilomita 80, linalokula lita moja kwa kilomita mbili na nusu. Hiyo ni lita 32. Lita ya dizeli inatoa kama kilo 2.7 za hewa ukaa, hivyo safari nzima ni kilo 86, na kwa kila tani iliyobebwa ni kama kilo 12. Kilo 12 kwa 1,120! Mtu akija kwenu na pendekezo la kununua malori mapya ya umeme ili halmashauri ipunguze gesijoto, mwambieni asubiri foleni. Kilicho ndani ya lori kina uzito karibu mara mia ya moshi wa lori.

Kuna anayeuliza, mbona dampo likishika moto methani inaungua? Ni kweli inaungua kidogo, lakini plastiki zinaungua pamoja nayo. Moshi wake una masizi na sumu, na watu wanaishi jirani. Moto wa dampo hauingizwi kwenye ripoti kama punguzo. Tusijaribu.

Na kufyonza gesi ya dampo? Dampo la Mtoni, hapahapa Dar es Salaam, lina historia: mradi wa gesi ya dampo lile ulisajiliwa mwaka 2007 chini ya utaratibu wa kaboni wa Itifaki ya Kyoto, mkataba wa kimataifa wa kupunguza gesijoto, wa kwanza nchini mwetu. Kiufundi kazi inajulikana. Unachimba visima ndani ya taka, unaweka mabomba yenye matundu, unafunika juu kwa udongo wa mfinyanzi, unavuta kwa feni na kuchoma gesi kwenye mwenge. Shida ya madampo ya aina yetu ni kwamba hayakujengwa kwa ajili hiyo. Taka hazikushindiliwa, hazikufunikwa kila siku, na chini hakuna mfereji wa kutoa maji. Maji yanajaa visimani na bomba linaziba. Kifuniko kikipasuka, feni inavuta hewa badala ya gesi, na hewa ikiingia ndani ya taka zenye joto unapata moto wa chini kwa chini ambao ni mgumu kuuzima. Kisha sehemu kubwa ya gesi ya mabaki ya chakula imeshatoroka kabla kifuniko hakijawekwa. Dampo jipya la kisasa likijengwa, mabomba yawemo tangu mwanzo. Kwa lililopo, njia rahisi ni kulinyima chakula.

Hapo ndipo Manispaa ya Kinondoni imetangulia, na inafaa tuseme wazi imefanya nini na imebakiza nini. Kiwanda cha mboji cha Mabwepande kimejengwa kwa ushirikiano na Jiji la Hamburg, ambalo lina udugu na Dar es Salaam tangu mwaka 2010, kwa fedha za serikali ya Ujerumani. Kilisanifiwa kupokea tani 50 kwa siku za taka za masokoni.

Kutengeneza mboji nako kuna gesi yake, tusifiche. Kwa viwango vya IPCC, tani moja ya taka mbichi ikiozeshwa vizuri inatoa kilo 4 za methani na kama robo kilo ya naitrasi oksidi, gesi yenye nguvu mara 265 ya hewa ukaa. Jumla ni karibu kilo 176. Ukitoa kwenye zile 1,120, unabaki na kilo 940 na kidogo ulizookoa kwa kila tani. Kiwanda kikijaa tani 50 kwa siku 300, ni tani 15,000 za taka, na punguzo la tani 14,000 hivi za hewa ukaa kwa mwaka. Ili upate punguzo hilo kwenye usafiri ungelazimika kuacha kuchoma lita milioni tano za dizeli.

Nimesema kikijaa. Na nimesema ikiozeshwa vizuri. Maneno hayo mawili ndiyo yanayobeba ripoti yote, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Taka za soko zikifika zina maji asilimia 75 hadi 85 na nitrojeni nyingi mno kwa kaboni iliyomo. Ukizirundika peke yake zinalala kama uji, hewa haipiti, na unakuwa umejenga dampo dogo lenye jina la kiwanda. Zinatakiwa kuchanganywa na kitu kikavu chenye mbao mbao: matawi yaliyosagwa, pumba za mpunga, maranda ya mafundi seremala. Kwa ujazo, vijiko viwili vya katapila vya taka mbichi kwa kijiko kimoja cha vikavu ni mwanzo mzuri, kisha unarekebisha kwa mkono. Shika konzi ya mchanganyiko, kamua. Matone mawili matatu yakitoka, unyevu uko sawa, kama asilimia 55 hadi 60. Maji yakichuruzika, ongeza vikavu. Ukifungua kiganja donge likasambaratika kama vumbi, mwagilia.

Rundo liwe tuta refu, kimo mita moja na nusu, upana wa chini mita tatu, juu ya sakafu ya zege yenye mteremko kidogo ili maji yanayochuruzika yaende kwenye mfereji na bwawa lake. Ndani ya siku tatu joto lipande hadi nyuzi 55 au 65. Linapimwa kwa kipimajoto cha fimbo ya chuma chenye urefu wa mita moja, kinachochomekwa hadi katikati ya tuta sehemu tano tofauti, na namba zinaandikwa daftarini siku hiyohiyo. Likivuka 70, wadudu wanaofanya kazi wanakufa: geuza tuta. Ili kuua vimelea na mbegu za magugu, joto likae juu ya 55 kwa siku 15 na tuta ligeuzwe si chini ya mara tano katika siku hizo. Baada ya wiki nane hadi kumi na mbili unachekecha. Tani moja iliyoingia inatoka kama theluthi moja tu, iliyobaki imekwenda mvuke na hewa.

Pua ni kipimo kizuri kuliko watu wanavyodhani. Harufu ya yai viza maana yake tuta limekosa hewa, methani inatoka, na hesabu ya zile kilo 4 kwa tani haishiki tena. Harufu kali inayochoma macho kama ya mkojo maana yake nitrojeni imezidi na vikavu vimepungua. Msimamizi anayesema harufu ni kawaida ya taka aulizwe daftari la joto.

Masika ndiyo kipimo chenyewe. Machi hadi Mei tuta lisilo na paa au turubai linapokea maji kuliko linavyoweza kupumua, na wakati huohuo vikavu vinakuwa adimu kwa sababu maranda na matawi yameloa. Akiba ya vikavu iwekwe chini ya paa kuanzia Januari. Hili si jambo la uhandisi mkubwa, ni la kupanga tu, na ndilo linaloharibu viwanda vya mboji vya pwani.

Lipo pia tatizo linaloanzia sokoni. Kabichi na machungwa huja yamefungwa kwa kamba za nailoni na viroba. Kamba ya nailoni ikiingia kwenye mashine ya kusaga inajizungusha kwenye shafti, visu vinasimama na fundi anakaa nusu siku na kisu cha jikoni akiikata. Makumbi ya madafu nayo yana adha yake: hayaozi kwa miezi mitatu, na nyuzi zake zinafanya kazi ileile ya nailoni. Yakusanywe peke yake, yasagwe kwa mashine yake, yatumike kama vikavu. Chupa iliyovunjika haina dawa, kwani ikishasagika iko ndani ya mboji mpaka kwenye mikono ya mkulima, na mkulima huyo harudi tena.

Ndiyo maana kutenganisha kunafanyika sokoni, kabla ya lori. Kinachosaidia ni vizimba viwili vilivyo karibu na wauza mboga, kimoja cha taka zinazooza, cha pili kikiwa kidogo na cha taka nyingine zote. Watu hawatembei mita hamsini kutupa ganda. Msimamizi mmoja anayelipwa asimame hapo kuanzia alfajiri mizigo inaposhushwa mpaka saa nne asubuhi, na lori lipite kabla ya jua kali. Taka ikikaa siku mbili kizimbani inaanza kuoza bila hewa papo hapo, na wapita njia wanageuza kizimba kuwa jalala.

Sasa mizani. Halmashauri nyingi zinaripoti taka kwa safari: malori kumi, kila moja tani saba, basi tani sabini. Lori lililojaa nusu linahesabiwa kamili. Lililoloa mvua lina uzito wa maji ndani yake. Mkandarasi anayelipwa kwa safari hana sababu ya kujaza. Kwa hiyo namba za safari hazifai kwa hesabu ya kaboni hata kidogo. Kinachotakiwa ni mizani ya magari getini, lori lipimwe likiingia na likitoka, na iandikwe saa, namba ya gari, soko lilikotoka, uzito halisi. Mara moja kwa wiki mchukue kilo 100 kutoka lori moja bila kutangaza, mzimwage juu ya turubai, mtoe plastiki, vioo na mchanga kwa mkono, mpime. Mchanga msiudharau, kwa sababu masoko yetu yanafagiwa pamoja na ardhi yake, na mchanga hauna methani. Uchafu ukizidi asilimia kumi, lori lirudi na soko lijulishwe. Punguzo lihesabiwe kwenye uzito uliobaki baada ya kutoa hizo asilimia.

Ukubwa wa kazi iliyobaki msiusahau. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 982,328 Kinondoni. Mtu mmoja akizalisha kati ya nusu kilo na kilo moja kwa siku, taka za manispaa ni tani 490 hadi 980. Tani 50 ni moja ya kumi au moja ya ishirini ya hizo. Mkoa mzima una watu 5,383,728. Kiwanda kimoja ni mwanzo wa maana, lakini aliyekwisha kuandika kwenye bango kwamba manispaa imemaliza tatizo amekimbia mbele ya mizani.

Liko swali la wanasheria: taka za Kinondoni zikienda dampo la Pugu Kinyamwezi, lililo ndani ya Halmashauri ya Jiji, gesi ni ya nani? Mwongozo wa kimataifa wa hesabu za miji, uliotolewa mwaka 2014 na mitandao ya miji ya C40 na ICLEI pamoja na Taasisi ya Rasilimali za Dunia, una jibu. Gesi inahesabiwa kwa aliyezalisha taka, hata kama zimefukiwa kwa jirani. Jiji linaionyesha kwenye taarifa zake kama gesi iliyotokea ndani ya mipaka, lakini haliijumlishi kwenye deni lake. Ni haki, na inaondoa kishawishi cha kupunguza gesi kwa kusukuma malori ng'ambo ya mpaka. Wakazi wa Tabata waliifikisha Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu mwaka 1988 kwa sababu ya dampo, na walishinda. Hakuna kata inayopenda kupokea.

Niguse jiko la shule kabla sijamaliza, kwa sababu lina mtego ambao utawakuta. Serikali imeelekeza taasisi zinazopikia watu wengi ziache kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Shule ikihama kutoka mafiga matatu kwenda gesi ya mitungi, kilo moja ya gesi inafanya kazi ya kilo kama 12 za kuni. Lakini gesi ile inatoa kilo 3 za hewa ukaa, ilhali mwongozo wa miji unaweka hewa ukaa ya kuni pembeni, ikichukuliwa kwamba mti utaota tena. Karatasi itasema shule zimepandisha gesijoto! Afisa asiyejua ataficha takwimu au atasitisha mradi. Jibu ni kuonyesha kuni zimetoka wapi. Zikitoka kwenye msitu usiorudi, hata kwa nusu yake tu, zile kilo 12 zinabeba kilo 10 hivi za hewa ukaa ambayo haitanyonywa tena, na gesi inashinda kwa mbali. Moshi kwenye mapafu ya mpishi haumo hata kwenye hesabu hiyo. Kwa upande wa jiko, kinachokwamisha ni mtungi kuisha katikati ya wiki na shule haina fedha taslimu, mafiga yakarudi. Ziwekwe jozi za mitungi ya kilo 38, mmoja ukiisha wa pili unafunguliwa na wa kwanza unaagizwa siku hiyo. Mitungi ikae nje, kwenye kizimba cha wavu. Na jiko liwe na miguu mizito iliyofungwa sakafuni, kwa sababu ugali wa watoto mia tano unasongwa kwa mwiko kama kasia, na jiko jepesi linapinduka.

Kwa usafiri sina mengi. Mabasi ya mwendokasi na leseni za daladala haziko mikononi mwenu. Njia za waenda kwa miguu na mifereji iliyo wazi vinawahusu, navyo vina kikao chake.

Kilicho mikononi mwenu mwaka huu ni mikataba ya kuzoa taka. Inayoanza na mwaka wa fedha Julai Mosi hutangazwa miezi kadhaa kabla, na kifungu kisichokuwemo kwenye nyaraka za zabuni hakiwezi kudaiwa baadaye. Vifungu ni vitatu: malipo kwa tani iliyopimwa na siyo kwa safari, bei ya juu kwa tani safi ya taka za soko inayofika Mabwepande kuliko tani mchanganyiko inayofika Pugu, na haki ya kurudisha lori lililozidi asilimia kumi ya uchafu kwa gharama ya mkandarasi. Maofisa ugavi wako hapa leo, rasimu wanayo.